Uliza Mpima Mstaafu: "Mzee, unatafuta nini chini ya mti wetu?"

Tangu nilipoandika hapa kwa mara ya kwanza kuhusu mchezo wa jiokashi, barua hazijakatika, na nyingi hazihusu mchezo wenyewe. Zinahusu watu: yule mama aliyesimama na kuni kichwani akauliza unafanya nini, yule askari wa getini, wale watoto waliokuzunguka. Mwezi huu nafasi yote naitoa kwa barua hizo.

Kwa ambaye hakusoma toleo lile: mtu huficha kikopo au kisanduku mahali, huchukua kodineti zake, yaani namba za mahali kilipo, kwa GPS, kifaa kinachojua mahali kwa kusikiliza setilaiti, kisha huziweka kwenye mtandao pamoja na maelezo mafupi. Mwingine huzifuata kwa simu yake, hutafuta, na akipata huandika jina na tarehe kwenye karatasi iliyomo ndani, halafu hukirudisha palepale kwa ajili ya atakayefuata. Wageni hutumia neno lao, cache, sisi tunasema kasha, na kwa bahati njema maneno hayo mawili yanakaribiana hata kwa sauti.

"Shikamoo Mzee. Mimi ni mwongoza wageni hapa Lushoto. Mgeni wangu Mjerumani alinionyesha mchezo huu, tukaenda kutafuta kasha kando ya njia ya miguu. Nikiwa nimechutama napapasa kwenye mizizi, vijana watatu wakasimama juu yetu wakauliza kama tumekuja kuchukua mali ya Mjerumani. Mgeni akaninong'oneza nijifanye naongea na simu. Nikafanya hivyo, mambo yakaharibika zaidi. Watatu wakawa kumi na watano, mwenyekiti wa kitongoji akaitwa. Tulitoka salama, lakini sasa nikipita njia ile naitwa mchimba mali. Ningesema nini?" (Mwongoza wageni, Lushoto)

Marahaba mwanangu. Ungesema ukweli, na ungeusema kabla hujachutama.

Shauri alilokupa mgeni wako si baya kwao. Huko Ulaya na Marekani wachezaji wana hata jina la mtu asiyeujua mchezo, wanamwita muggle, neno walilolitoa kwenye vitabu vya Harry Potter. Hufundishana kujificha macho yake: jifanye unafunga kamba za viatu, jifanye unaongea na simu, subiri apite. Sababu yao ni ya kweli. Asiyejua akikuona unatoa kitu kwenye shimo la mti, ukiondoka atakuja kukichukua au atakitupa akidhani ni takataka. Ila huko mtu akikuona umechutama hupita zake. Kwetu kuulizwa "unatafuta nini?" ni sehemu ya salamu. Asiyeulizwa ndiye ambaye watu wameshaamua ni mwizi. Ukijifanya unaongea na simu kwenye korongo la Usambara, mahali ambapo kila mwenyeji anajua mtandao haushiki, umeshawaambia kwamba una jambo la kuficha.

Na hao vijana usiwadharau kwa kuuliza juu ya mali ya Mjerumani, ile inayosemwa ilifukiwa wakati wa vita. Mimi nilipima ardhi miaka 27, Tanga, Tabora na Kigoma, na hakuna kijiji chenye boma la zamani au daraja la Mjerumani ambacho sikuonyeshwa shimo lililochimbwa usiku. Swali lao lina mizizi. Mwaka 1916, vita vikiwa vimewabana, Wajerumani walifua sarafu za dhahabu Tabora, za rupia 15, zenye picha ya tembo. Dhahabu hiyo ilikuwapo kweli, ikapita mikononi mwa watu kweli. Kijana akiona mgeni wa Kijerumani na kifaa cha GPS wanazunguka mti mmoja, anaunganisha mambo kama ambavyo wewe ungeyaunganisha.

Sasa nikueleze lililonikuta mimi, maana ndilo lililonifundisha.

Ilikuwa kijiji kimoja kati ya Muheza na Pangani. Msafiri fulani alikuwa ameficha kasha kando ya barabara ya vumbi, nami nikaziingiza namba zake kwenye GPS yangu ya mkononi, ile ya tangu kazini. Kosa lilikuwa langu. Kifaa kilikuwa bado kwenye Arc 1960, mfumo wa vipimo wa ramani zetu za zamani, na namba za mchezo huu zote ni za WGS84, mfumo wa GPS. Kwa pwani yetu, ukichanganya hiyo mifumo miwili unapotea zaidi ya mita 300. Mshale ukanipeleka kusini, ukanivusha shamba la mihogo, ukanisimamisha nyuma ya jiko la bibi mmoja, penye mnazi. Nami nikaanza kuuzunguka mnazi wake.

Bibi alitoka na mwiko mkononi. Hakupiga kelele. Alinitazama mimi, akakitazama kifaa, akasema, "Mmekuja kutupimia tena?"

Neno lile "tena" lilinikaa moyoni. Mtu wa kazi yangu analielewa. Watu wamepimiwa, wamewekewa bikoni, yale mawe ya mipaka, wamesainishwa fomu, na fidia wameisubiri mpaka wengine wamekufa. Yeye kifaa hicho alikuwa amekiona mara moja tu maishani, na siku hiyo hakikumletea heri.

Nikazima GPS nikaiweka chini kwenye majani. Nikamwamkia, akaitika. Nikamwambia jina langu, natoka wapi, na kwamba zamani nilikuwa mpima lakini leo sipimi kitu. Akanipa kigoda. Nikamchorea kwenye mchanga kwa kijiti: hii ni dunia, hizi ni setilaiti, zinazunguka juu na kila moja inatuma saa yake, kifaa hiki kinasikiliza, na kwa tofauti ya hizo saa kinajua kiko umbali gani na kila moja, hivyo kinajua kimekaa wapi. Akauliza zinaonekana usiku? Nikamwambia hizi za GPS ziko mbali mno, kilomita elfu 20 na zaidi, kwa macho matupu hazionekani. Akakubali. Kisha nikamwambia kuhusu kikopo. Nilisema hivi, na ndivyo ninavyosema hadi leo:

"Kuna msafiri alipita akaficha kikopo kidogo. Ndani mna karatasi tu. Anayekipata anaandika jina lake na kukirudisha. Hakuna hela, hakuna dawa, hakuna kuchimba. Naomba nikitafute mbele ya macho yenu."

Mjukuu wake, mtoto wa darasa la tano hivi, alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko. Akasema, "Ni kombolela." Ndiyo, nikamjibu, ni kombolela, ila aliyejificha ni kikopo. Tangu siku hiyo nimeacha kutafuta mfano mwingine. Kila aliyekulia uswahilini au kijijini anakumbuka kombolela, na uso wake hulegea palepale.

Nilirekebisha kifaa, tukaenda wote watatu, bibi akiwa mbele. Aliyekiona ni mtoto, kwenye tundu la mwembe kwa urefu wa kifua chake: kikopo cheusi cha filamu ya kamera, kile cha zamani, kimefungwa mpira wa baiskeli. Ndani karatasi ilikuwa imekunjwa kama sigara, na penseli fupi kuliko kidole changu cha mwisho. Majina yalikuwa saba, yote ya wageni, na la mwisho lilikuwa limeandikwa miaka minne kabla yetu. Mtoto akaandika jina lake, kwa herufi kubwa, ulimi nje.

Nikamgeukia bibi nikamwambia, na wewe weka dole gumba, tutapata masizi hapo jikoni. Akakataa. "Dole gumba langu haliendi kwenye karatasi nisiyoijua." Nikamwomba radhi, na nilimaanisha. Alikuwa sahihi kabisa. Toka hapo sijawahi kumwomba mtu niliyemkuta njiani atie saini, jina wala dole, hata kwa furaha ya mchezo. Karatasi ni ya wachezaji. Mwenyeji akitaka kuandika, ataomba mwenyewe.

Kwa hiyo wewe wa Lushoto, rudi njia ile bila mgeni. Nenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, mweleze, umwonyeshe maelezo ya kasha kwenye simu, kisha mwende naye na wale vijana mkalifungue mbele yao. Waambie pia kwamba kanuni za mchezo zinakataza kuchimbia kasha ardhini. Hakuna anayeruhusiwa kufukua shimo ili kuficha bila ruhusa ya mwenye eneo, wala kufukua ili kutafuta. Onyesha mikono yako, huna jembe wala sululu. Jina la mchimba mali litakwisha likishapata jina jingine la kulifuta, na vijana watatu wanaojua kasha liko wapi watalilinda kuliko siri yoyote.

"Hujambo Mzee. Mimi natafuta makasha hapa Nairobi. Juzi nilikuwa nje ya jengo moja la maduka, nimeinama nikipapasa chini ya kiti cha bustani, soja akanishika mkono na kuniuliza natega nini. Niliudhika, nikamjibu vibaya. Nilikosa?" (Kijana, Nairobi)

Ulikosa, na nakuambia kwa upendo. Yule soja ana kazi ya kuzuia hasa hicho ulichokuwa ukifanya kwa macho yake: mtu ameinama, mkono uko chini ya kiti, kinachogusa hakionekani. Nairobi na Dar es Salaam ziliona mabomu ya balozi za Marekani tarehe 7 Agosti 1998. Nairobi imeona na mengine baada ya hapo. Hofu yake imelipiwa.

Hata kwenye nchi zilizouzoea mchezo, jambo hili limeleta taabu. Julai 2011, katika mji wa Wetherby nchini Uingereza, mtu alionekana akishughulika na kisanduku cha plastiki nje ya mgahawa. Polisi walifunga katikati ya mji, wataalamu wa mabomu wa jeshi wakaja, wakakilipua. Kilikuwa kasha.

Kwa hiyo mjini fuata mlango. Kabla hujainama, mwendee soja, msalimie, mwonyeshe simu yako yenye ramani na picha ya kasha, umweleze kwa maneno machache. Akisema hapana, ni hapana. Ondoka, na uandike kwenye ukurasa wa kasha lile kwamba walinzi hawana habari, ili mwenye kasha aombe ruhusa au alihamishe. Ruhusa ya mwenye eneo ni kanuni ya mchezo, wala si hisani. Na siku ukificha la kwako, tumia kopo linaloonyesha ndani, uandike nje kwa Kiswahili na Kiingereza kwamba ni la mchezo. Mbali na maduka, mbali na madaraja, mbali na vituo vya mabasi na shule. Karura na misitu mingine ina nafasi ya kutosha, kwa ruhusa ya wanaoitunza.

"Binti yangu anasoma Leipzig na amependa sana mchezo huu. Huenda peke yake jioni. Naogopa: Mwafrika, msichana, anapapasa chini ya mabenchi ya watu. Nimzuie?" (Mama, Dar es Salaam)

Usimzuie, mama, ila hofu yako iseme naye waziwazi. Ujerumani ni miongoni mwa nchi zenye makasha mengi kabisa duniani, na wengi wanaopita bustanini wamelisikia jina la mchezo. Hilo linamsaidia. Lakini ni kweli pia kwamba macho hayamwangalii kila mtu sawa, na yeye analijua hilo kuliko mimi.

Mwambie aende mchana, na mwenzake mmoja. Wachezaji wa huko hukutana, na matangazo ya mikutano yao yamo kwenye ramani ileile ya makasha. Akiwajua wachache, hatakuwa peke yake tena. Makasha yaliyo chini ya madirisha ya nyumba za watu ayaache, hata yakiwa mita tano tu mbele yake. Mtu akimuuliza, ataje jina la mchezo kwanza, kwa Kijerumani, kisha aonyeshe simu. Na akiitiwa polisi asimame, aeleze lilelile. Kasha si kitu cha kukimbilia. Nimeacha mengi bila kuyapata kwa sababu watu walikuwa wamekaa jirani na hawakuonekana kutaka mgeni, na siku niliporudi yalikuwapo.

"Mimi ni mwalimu Bagamoyo. Nataka kuficha kasha kwenye magofu ya Kaole, kwenye ufa wa ukuta wa msikiti wa kale, ili wanafunzi wajifunze historia." (Mwalimu)

Hapana, mwalimu. Magofu yale yanalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na hata bila sheria, kila mkono unaoingia kwenye ufa unatoka na chokaa kidogo. Pale pana makaburi. Mtu mzima anayechomoa kitu kwenye ukuta wa msikiti kando ya kaburi, utamweleza nini mzee wa Kaole aliyekuja kuzuru?

Lakini nia yako ni njema sana na ipo njia. Zipo aina za kasha zisizo na kopo: unaweka kodineti na swali, na mchezaji hulijibu kwa kuangalia kilichopo mahali hapo, bila kugusa kitu. Au tumia kasha la hatua mbili, ambapo wanafunzi wanahesabu kitu fulani kwenye magofu, hesabu ile inawapa namba za mwisho, na kopo lenyewe liko mbali na hapo, kwenye uwanja wa mtu aliyekuruhusu. Ongea kwanza na mhifadhi wa kituo.

"Mzee, nani alianzisha jambo hili, na anapata faida gani? Babu yangu haamini kwamba mtu anaweza kuficha kitu bure." (Mwanafunzi, Korogwe)

Mwambie babu hivi. Mimi nilikuwa kazini wakati huo, nakumbuka vizuri. Kabla ya Mei 2000, Wamarekani, wenye hizo setilaiti, walikuwa wakiharibu makusudi ishara wanayotupa sisi raia. Unasimama juu ya bikoni, hujasogea hata hatua moja, na namba kwenye kioo zinatembea. Ungeweza kukosea kwa mita 100. Kisha Rais Bill Clinton akaamuru uharibifu ule uzimwe, na tarehe 2 namba zikatulia. Sisi wapima tulitazamana.

Siku iliyofuata, tarehe 3 Mei, Dave Ulmer, mtaalamu wa kompyuta wa Oregon, akataka kuujaribu usahihi huo mpya. Akaficha ndoo nyeusi msituni karibu na Beavercreek, akatangaza kodineti zake kwa wapenzi wa GPS kwenye intaneti. Ndani aliweka daftari, penseli, vitabu, kanda za video, manati, na kopo la maharage. Siku chache baadaye Mike Teague akaipata. Leo chakula hakiruhusiwi ndani ya kasha, kwa sababu wanyama hunusa, lakini maharage yale wachezaji wote wanayajua.

Faida? Alitaka kujua kama mtu asiyemjua atafika mahali palepale kwa namba tu. Zipo kampuni zinazopata fedha kwa programu za simu, sitamficha babu hilo. Ila anayeficha kopo haingizi senti. Namba za mchezo huandikwa hadi sehemu ya elfu moja ya dakika, ambayo ardhini ni kama mita 1.85, mpe babu kamba ya urefu huo aikunjue kwenye uwanja wenu aone. Mtu wa nchi nyingine anaweza kukuonyesha sehemu pana kiasi hicho, chini ya mti mmoja, Korogwe. Mimi hilo sijawahi kulizoea.

"Je, kasha lako mwenyewe bado lipo?" (Wasomaji kadhaa)

Lipo, Muheza, kwenye mchungwa wa mpakani mwa shamba langu. Ni kopo la plastiki lenye kifuniko cha bluu, na mvua za Aprili ziliingia ndani, hivyo nimebadilisha karatasi. Jirani yangu anajua. Wauza machungwa wa barabarani wanajua pia, na mgeni akifika akaanza kuzungukazunguka na simu, wao ndio humwita: "Njoo huku, umepita." Ukija, wasalimie kwanza. Penseli naomba muirudishe.